Upinde wa mti umelegea, umepinda au unapasuka: tafuta chanzo kabla ya kushika kisu

Pinde nyingi za mti zinazoharibika Mtwara na Lindi hazikutengenezwa kwa mti mbaya. Kinachoziharibu kwanza ni unyevu, kisha kisu cha mtu aliyedhani kasoro iko kwenye mti. Upinde uliokuwa mkali Septemba unaanza kuvutika kirahisi Februari, mkono mmoja unaonekana kuinama kuliko mwenzake, mwenyewe anakwangua ule mgumu ili walingane. Kiangazi kinarudi, mti unakauka, na sasa mkono uliokwanguliwa ndio dhaifu. Mti ukishatolewa haurudi. Kwa hiyo mwongozo huu unakwenda kwa dalili, na karibu kila dalili inaanza na swali moja: upinde una maji kiasi gani?

Tunazungumzia upinde wa kipande kimoja cha mti, kama mkole, wa mviringo au wenye tumbo bapa kidogo, urefu kati ya sm 140 na 170, wa kulengea shabaha, wa ngoma au wa kutunza nyumbani. Mgongo ni upande unaotazama shabaha, tumbo ni upande unaokutazama wewe. Mikono ni sehemu mbili zinazopinda, juu na chini ya kishikio. Nafasi ya uzi ni umbali kutoka kishikio hadi uzi baada ya kuvishwa. Mvuto ni umbali kutoka kishikio hadi uzi ukiwa umevutwa, na nguvu ya mvuto ni kilo zinazohitajika kuuvuta hadi hapo. Kuwinda bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na wanaoishi Liwale jirani na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere wasiingie hifadhini na upinde hata kama ni wa ngoma.

Vipimo vinne vya kuandika kwenye daftari

Vichukue siku upinde unapofanya kazi vizuri. Bila hivyo, kila utakachofanya baadaye ni kubahatisha.

Cha kwanza ni uzito wa upinde bila uzi, kwa mizani ya jikoni inayosoma gramu. Hiki ndicho kipimo chenye faida kuliko vyote na ndicho watu hawakichukui. Mti hunywa na kutoa maji kufuata hewa. Hewa yenye unyevu wa asilimia 80, ambayo ni ya kawaida Mtwara mjini, Mikindani, Lindi mjini na Kilwa wakati wa mvua, huufikisha mti kwenye maji ya asilimia 16 hivi ya uzito wake mkavu. Hewa ya asilimia 50 huushusha hadi 9 hivi. Upinde hufanya kazi vizuri ukiwa na asilimia 8 hadi 10. Ukizidi hapo unalegea na kubaki umepinda. Ukishuka chini ya 6 unakuwa mkavu wa kuvunjika. Upinde wa gramu 500 ukiwa na maji ya asilimia 10 utasoma gramu 527 ukifika 16. Gramu 27 hizo mizani inaziona, jicho haliwezi.

Cha pili ni nguvu ya mvuto. Tumia mizani ya kuning'iniza, ile wanayopimia samaki sokoni. Funga kishikio juu ya boriti, ning'iniza mizani kwenye uzi, vuta taratibu na uandike kilo kila baada ya sm 5 hadi mvuto wako wa kawaida. Usizidishe hata sm moja kwa ajili ya kujua "ingekuwaje".

Cha tatu ni nafasi ya uzi. Kwa pinde za aina hii sm 12 hadi 15 zinatosha. Ngumi iliyowekwa juu ya kishikio, kidole gumba kimesimama, inakaribia sm 15.

Cha nne ni upindo wa kudumu. Vua uzi, subiri saa moja, nyoosha uzi mwembamba kutoka ncha hadi ncha upande wa tumbo na upime pengo pale kishikioni. Kama mti ulikuwa umenyooka tangu mwanzo, sm 2 hadi 4 ni kawaida.

Upinde umekuwa mlaini kuliko miezi iliyopita

Upime uzito. Kama umeongezeka gramu 15 au zaidi kwa upinde wa nusu kilo, hapo huna kazi ya kisu. Vua uzi na uulaze mahali pakavu kwenye vigingi viwili, hewa ipite pande zote. Pima kila asubuhi. Uzito ukitulia siku 3 mfululizo, mti umelingana na hewa ya chumba hicho.

Pwani wakati wa masika chumba chenyewe kina unyevu, kwa hiyo kutulia tu hakutoshi. Jiko la kuni lenye uchaga ni msaada mkubwa: weka upinde angalau mita 1.5 juu ya moto, si juu ya mwali moja kwa moja bali pembeni kidogo. Geuza kila siku. Kwa kawaida wiki 1 hadi 2 zinatosha. Kukausha kwa haraka juu ya makaa kunaukausha mti nje huku ndani bado una maji, na hapo mipasuko ya kwenda na nyuzi za mti huanzia kwenye ncha.

Kama uzito haujabadilika lakini kilo za mvuto zimeshuka, angalia uzi kwanza. Uzi uliorefuka hupunguza nafasi ya uzi, na kipimo cha mvuto kinabadilika bila mti kuwa na kosa lolote. Rudisha nafasi ya uzi kwenye namba ya daftari, pima tena. Ikiwa bado umelegea, angalia tumbo kama inavyoelezwa mbele, kwenye sehemu ya mikunjo tumboni.

Waliohama na upinde wazingatie hili zaidi. Upinde uliotengenezwa na kusawazishwa Masasi au Nachingwea mwezi wa Agosti, ukiletwa Mtwara mjini, utabadilika ndani ya wiki chache. Upe muda, pima, ndipo uamue. Kinyume chake ni hatari zaidi: upinde uliozoea pwani ukipelekwa bara kwenye ukavu wa Septemba unapanda nguvu, na mvuto uliokuwa salama unaweza kuuvunja. Wiki ya kwanza usivute zaidi ya robo tatu.

Uzi umevuliwa, upinde bado umepinda

Pengo la sm 5 hadi 7 linamaanisha nyuzi za mti upande wa tumbo zimebanwa kupita uwezo wake. Sababu kwa mpangilio wa kutokea kwake: ulivutwa ukiwa na maji, uliachwa na uzi usiku kucha au siku nzima, ni mfupi kwa mvuto unaotaka, au mti ulichongwa mbichi ukaanza kuvutwa kabla ya kukauka.

Kwa urefu, kanuni ya kushika ni hii: upinde unaopinda mwili mzima uwe angalau mara mbili ya mvuto. Anayevuta sm 70 anahitaji upinde wa sm 140 kwa uchache, na sm 150 ndiyo salama. Kama kishikio ni kigumu hakipindi, ongeza sm 15 nyingine. Hakuna matengenezo ya kuufanya upinde wa sm 120 uvumilie mvuto wa sm 70, punguza mvuto.

Kabla ya kutumia moto, uache upinde upumzike mkavu kwa wiki 2. Sehemu ya upindo hurudi yenyewe. Uliobaki unaweza kupunguzwa kwa joto, na kazi hii inataka subira:

1. Hakikisha mti ni mkavu kwa mizani. Joto kwenye mti wenye maji huupasua.
2. Tayarisha ubao imara wenye umbo unalotaka, ulionyooka au wenye kurudi nyuma sm 2 tu, na kamba za kufungia.
3. Weka makaa yaliyokwisha waka, yasiyo na mwali. Shikilia tumbo la upinde sm 15 hadi 20 juu yake. Mgongo usipate moto.
4. Sogeza polepole, sm 20 kwa wakati mmoja, hadi tumbo liwe la moto kiasi cha kutoshikika hata kwa sekunde moja na rangi ianze kuwa ya hudhurungi kidogo. Ukiona moshi, umezidisha.
5. Funga kwenye ubao mara moja, uache upoe kabisa, angalau saa 6.
6. Usivishe uzi kwa siku 5 hadi 7. Joto limefukuza maji, mti ni mkavu kupita kiasi, na upinde mwingi huvunjika hapa kwa sababu mwenyewe alitaka kuona matokeo jioni ileile.

Upinde wenye kibanzi kilichoinuka mgongoni au mikunjo tumboni usiutie moto kabisa.

Uzi haufiki, au upinde unajigeuza wakati wa kuvisha

Uzi usiofika mara nyingi ni wa katani uliolowa. Kamba iliyosokotwa kwa nyuzi za mimea ikipata maji hujaa na kufupika, ikikauka hurudi. Ukausheni uzi kwanza, msilazimishe upinde.

Kujigeuza hutokea kwa upinde wa mviringo wenye upindo wa asili: unauvisha kinyume na unavyotaka kulala. Uondoe uzi, uulaze juu ya meza laini uviringike wenyewe, uone umetulia upande upi, utie alama ya chaki. Kama tofauti ni ndogo, zungusha upinde kidogo ili uzi ukae kwenye mstari huo. Kama ni kubwa, nyoosha kwa joto kwa njia ya juu.

Njia yenyewe ya kuvisha ina makosa yake. Ile ya kupitisha mguu kati ya uzi na upinde, kisha kukunja juu ya paja, inapinda mkono mmoja zaidi na kuusokota kidogo kila mara. Baada ya msimu mmoja uzi unakuwa umelala pembeni. Tumia kusukuma na kuvuta: ncha ya chini ikae upande wa ndani wa mguu, juu ya kiatu, isiguse ardhi, mgongo wa upinde ukutazame wewe, shika kishikio kwa mkono wa kushoto na uvute kuja kwako, huku kiganja cha kulia kikisukuma mkono wa juu kwenda mbali na vidole vikipandisha kitanzi. Vidole visikae kati ya uzi na mti. Uso usiwe juu ya ncha kamwe. Ncha ikiponyoka inapiga jicho.

Kwa upinde wenye nguvu ya mvuto ya kilo 20 na zaidi, au kwa kijana anayejifunza, kamba ya kuvishia ni bora kuliko zote. Chukua kamba imara iliyo ndefu kuliko upinde kwa sm 60 hivi. Upande mmoja shona mfuko mdogo wa ngozi unaovaa ncha ya chini. Upande wa pili funga kitanzi kipana, ukizungushie kipande cha tyubu ya baiskeli kisiteleze, ukikalishe sm 8 hadi 10 chini ya ncha ya juu. Laza upinde mgongo ukiwa juu, kanyaga kamba kwa miguu miwili, inua kishikio moja kwa moja. Mikono yote miwili inapinda sawasawa na kitanzi cha uzi kinateleza mahali pake. Kuvua uzi ni njia hiyohiyo.

Baada ya kuvisha, kabla ya kuvuta, angalia kutoka ncha ya chini kwenda juu kama unavyoangalia ubao kama umenyooka. Uzi upite katikati ya kishikio. Ukiwa nje ya ukingo wa mti, vua mara moja. Upinde huo unaweza kujigeuza ukiwa umevutwa.

Mkono mmoja unapinda kuliko mwingine

Weka upinde wenye uzi dhidi ya ukuta uliochorwa mistari ya chaki, mistari ya wima kila sm 5. Pima pengo kati ya uzi na mti sm 30 kutoka kila ncha. Mkono wa chini kuwa mgumu kwa mm 3 hadi 6 ni sahihi, kwa sababu kiganja kinasukuma chini ya katikati. Watu wengi wanaokwangua ili pande zote ziwe sawa kabisa wanaharibu upinde uliokuwa sahihi.

Tofauti ikizidi hapo, kagua mambo haya kabla: upinde haujageuzwa juu chini? Fundo la uzi kwenye ncha ya chini halijateleza? Upande mmoja haukukaa ukiegemea ukuta mbichi? Hili la mwisho hutokea sana kwenye nyumba za udongo na zile za tofali zisizopigwa lipu: ncha iliyogusa sakafu inanyonya maji, ya juu ni kavu. Kausha, pima uzito, pima pengo tena baada ya wiki.

Uhitaji wa kukwangua ukithibitika, kwangua mkono mgumu, upande wa tumbo tu. Mgongo haukwanguliwi, nyuzi zake zinazobeba mvuto lazima ziende bila kukatwa kutoka ncha hadi ncha. Simamisha kisu wima au tumia kipande cha kioo, pitisha mara 10 hadi 15 kwa urefu wote wa sehemu ngumu, visha uzi, vuta nusu mvuto mara 20 hadi 30, ndipo uangalie. Mti hauonyeshi mabadiliko hadi uzoeshwe kupinda. Malizia kwa msasa namba 120, kisha 220.

Mahali pamoja panapokunjika kama kiwiko ni kasoro nyingine. Hapo usiguse kabisa. Kwangua pande zake mbili, sm 10 hadi 15 kila upande, ili kazi igawanyike.

Kibanzi mgongoni, mikunjo tumboni, mipasuko

Hizi tatu zinafanana kwa jicho la haraka lakini uzito wake ni tofauti.

Mpasuko mwembamba unaokwenda na nyuzi za mti, kwa urefu, ni wa kukauka. Kama haufiki ukingoni mwa mkono na hauingii kwenye ncha, dondoshea supa gluu nyepesi, futa, endelea. Mpasuko unaokwenda kando na kutokea ukingoni unahitaji kufungwa uzi pia.

Kibanzi kinachoinuka mgongoni ni onyo la kuvunjika. Pitisha kipande cha pamba mgongoni kote. Nyuzi zake zitanasa pale palipoanza kuinuka, hata kama hujapaona. Chanzo huwa nyuzi zilizokatwa wakati wa kuchonga, fundo la tawi lililosawazishwa badala ya kuachiwa nyama, au jeraha la kuangusha upinde kwenye jiwe. Kama kibanzi ni chembamba kuliko unene wa ukucha na kifupi kuliko sm 3, kilaze kwa gundi, kifunge kwa uzi mwembamba uliolowa gundi, mizunguko ikae bega kwa bega na ivuke kibanzi sm 2.5 kila upande. Acha siku nzima. Rudi kwa robo mvuto, kisha nusu. Kikiinuka tena, upinde umestaafu.

Mikunjo tumboni ni vijistari vya kukatiza, upana wa unywele. Haionekani kwa mwanga wa kawaida: washa tochi, ilaze karibu sambamba na mti, usiku au chumbani. Ni nyuzi zilizobanwa hadi kukunjika, na gundi haizisaidii. Ikiwa haishikwi na ukucha na iko mahali pamoja, gawa kazi kwa kukwangua pande zake na punguza mvuto kwa sm 5 daima. Ikishikwa na ukucha, au ikienea zaidi ya theluthi ya upana, acha kuutumia.

Mpasuko wa kukatiza mgongoni hauna matengenezo. Upinde uliotiwa gundi hapo unaweza kuvumilia siku nzima ya ngoma na kulipuka siku ya pili usoni mwa mtu.

Uzi unakatika

Angalia umekatikia wapi. Karibu na ncha: mkato unaoshikilia uzi una ukingo mkali, au uzi unakunjwa kwenye pembe. Lainisha mkato kwa msasa uliozungushiwa msumari hadi usikwaruze uzi. Katikati: vidole na mshale vimeusaga; zungushia uzi mwembamba kwa sm 15, kubana bila kusokota. Popote pengine: uzi ni mzee, umepigwa jua, au ulikuwa mdogo tangu mwanzo.

Uzi ubebe angalau mara 4 ya nguvu ya upinde. Kupima, funga unyuzi mmoja kwenye boriti, ning'iniza ndoo tupu iliyopimwa uzito, ongeza maji lita moja moja. Kila lita ni kilo moja. Tuseme unyuzi umekatika kwa kilo 8 na upinde ni wa kilo 18. Mara 4 ni kilo 72, ambazo ni nyuzi 9. Weka 12, kwa sababu mafundo hupunguza nguvu.

Malighafi zinatofautiana sana. Katani ni nzuri kwa upinde kwa kuwa hairefuki hovyo, lakini hukatika ikikunjwa mahali palepale na inataka nta daima. Poliesta ndiyo chaguo letu kwa pwani: hainywi maji na hairefuki sana. Nailoni ya kushonea nyavu inapatikana kila mahali kuanzia Mikindani hadi Kilwa Kivinje, ni imara, ila inavutika. Utarekebisha nafasi ya uzi mara kwa mara, na mshale unakwenda polepole zaidi. Kamba za manila za plastiki, za njano au bluu, ziacheni: zinazidi kurefuka zikikaa na mzigo na jua linazila. Kama hujui umeuziwa nini, tia kipande kwenye maji na ukitoe mapovu. Kikielea ni hiyo ya plastiki.

Kusokota: kata nyuzi ndefu kuliko upinde kwa sm 45, zigawe makundi mawili yenye idadi sawa, zipake nta. Sokota kila kundi kwenda mbali nawe, kisha ulivushe juu ya mwenzake kuja kwako. Misokoto hiyo miwili inashikana isifunguke. Fanya kitanzi cha juu kwa kurudisha mikia ndani ya kamba sm 15. Uzi uliokamilika uwe mfupi kuliko upinde kwa sm 6 hivi. Chini, badala ya kitanzi, zungusha uzi kwenye ncha, upitishe mkia nyuma ya uzi mkuu, kisha uuviringishe mkia juu ya duara lenyewe mara 4. Fundo hili hubana likivutwa na hufunguka kwa kidole, hivyo nafasi ya uzi inarekebishwa pale. Marekebisho ya mm chache fanya kwa kuongeza misokoto.

Nta ya nyuki safi isugue kwenye uzi, kisha pitisha kipande cha ngozi haraka hadi uzi uwe wa moto mkononi. Rudia kila wiki ya matumizi.

Baada ya uzi kukatika ukiwa umevutwa, fanya ukaguzi wa pamba na tochi kabla ya kuvisha mwingine. Hivyohivyo kwa aliyeachia uzi bila mshale: nguvu yote imerudi kwenye mti. Watoto wa ngoma wafundishwe hili kabla ya jambo lolote.

Uzi unapiga mkono, upinde unatetemeka

Nafasi ya uzi ni ndogo. Ongeza sm 1, jaribu, ongeza nyingine, usipite sm 17. Mshale mwepesi mno pia hutetemesha.

Mafuta, kuvu na wadudu

Mafuta hupunguza kasi ya unyevu, hayauzuii. Ya nazi hayakauki, yanabaki mepesi juu, yanashika vumbi na kuvunda. Ya ufuta yanakauka nusu, yanafaa kwa tabaka jembamba lililofutwa vizuri. Ya kitani ya duka la rangi ndiyo hukauka yakawa ngozi ngumu: tabaka 3 au 4 nyembamba, siku 2 hadi 3 katikati. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani vianikwe vimekunjuliwa nje, visirundikwe, maana hupata moto vyenyewe. Mafuta meusi ya maganda ya korosho hufukuza mchwa kweli, lakini yanachoma ngozi. Yasiguse kishikio wala uzi.

Kuvu cheupe futa kwa kitambaa kikavu, kisha kausha upinde na uhamishe mahali. Vumbi laini kama unga chini ya tundu dogo ni bungua, anayependa mti mweupe wa nje na gamba lililobaki. Kama upinde unaingia kwenye friza la samaki, ufunge vizuri kwa nailoni, uuache kwenye nyuzi joto 18 chini ya sifuri kwa wiki 2, na ukiutoa usifungue nailoni hadi siku ya pili ili unyevu wa hewa usitue juu ya mti. Matundu mengi kwenye mkono wa upinde, zaidi ya mawili au matatu karibukaribu, yanamaanisha njia ndani ni nyingi zaidi. Upinde huo ni wa kutundika.

Kutunza: laza kwenye vigingi viwili, kila kimoja robo ya urefu kutoka ncha, ukuta wa ndani, usawa wa bega. Chini ya bati bila dari kuna joto kali mno mchana. Sakafuni kuna mchwa. Uzi weka kwenye kopo, panya hupenda nta.

Upinde wa zamani uliokutwa darini

Usiuvishe uzi. Upinde uliokaa miaka 30 juu ya jiko ni mkavu kupita kiasi na mara nyingi umetobolewa ndani. Uweke chumba cha kawaida mwezi mzima, uupime uzito kila wiki, kisha tochi na pamba. Hata ukipita, upinde wa kumbukumbu ya familia una thamani kubwa ukiwa mzima ukutani.

Na kama pamoja nao kuna podo (mfuko wa mishale) au mishale, usiiguse kwa mikono mitupu. Sumu ya mishale ya miti kama msunguti hudumu kwa miaka mingi baada ya kukauka, na inaua kupitia jeraha dogo. Utando mweusi nyuma ya chembe, yaani ncha ya mshale, usikwanguliwe, usioshwe, usijaribiwe. Vaa glavu nene, zungushia chembe kitambaa na nailoni, weka kwenye sanduku linalofungwa mbali na watoto, na umwambie kila mtu wa nyumba kilichomo.